Rivasi yangu imejengewa ukuta halafu nikaulizwa swali la kijinga

Wakuu naandika huku natetemeka, msiniambie nitulie. Yule fundi bingwa wenu, yule yule mnayemsifia humu kila siku eti mkono wa dhahabu, jina silitaji maana mnamjua na najua anasoma hapa amekunja nne, leo kanirudishia gari.

Gari yenyewe mzee, katikati ya siti haikuja na kitu, kapeti tupu na mlingoti wa gia umesimama peke yake kama yatima. Nikasema nitengenezewe konsoli, mahali pa kuegemeza kiwiko, kitundu cha chaja, matundu mawili ya vikombe, basi. Sikuomba ndege.

Wiki sita. Leo naingia, kitu kinapendeza sikatai, reksini nyeusi uzi mwekundu, nikajiona waziri. Nawasha, nataka kurudi nyuma nitoke pale, navuta gia kulia chini, TOP! Imegonga tundu la kikombe. Navuta tena, TOP! Namwita, anachungulia dirishani anafuta mikono, ananiambia taratibuuu: "Kwani wewe unarudi nyuma kila siku?"

KWANI WEWE UNARUDI NYUMA KILA SIKU!!

Handibreki nayo inaishia nusu, kifungio cha mkanda kimezama naking'oa kwa vidole viwili kama jino bovu, hayo yote nasamehe. Lakini lile neno? Nimetolewa pale kwa kusukumwa na watu watatu, na yeye mwenyewe kasimama nyuma ananielekeza, njoo, njoo, kata kidogo. Kama anajua rivasi inatumika kwa nini aliniuliza???

Spana Namba Kumi: 😂😂😂 pole mkuu ila swali zuri. Unarudi nyuma mara ngapi kwa siku?

Mtoa uzi: Wewe ni ndugu yake.

Mama Kabureta: Wiki sita hukwenda hata kuchungulia? Kabla ya kukata plaiwudi unakata boksi la karatasi kwanza. Unaliweka, unapitisha gia zote moja mpaka rivasi, handibreki unavuta mpaka mwisho, siti unasukuma mbele na nyuma, mtu anakaa anafunga mkanda. Pakigusa unapunguza boksi, boksi halina hasara.

Mtoa uzi: Dada alipima! Nimemuuliza. Alipima gari ikiwa NYUTRO, gia haijaingia popote.

Spana Namba Kumi: Nyutro 😂 na wewe kaa nyutro basi hasira zitaisha

Gari Bovu Roho Safi: Mimi wangu alitumia MDF tupu, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, hakupaka chochote kuzuia maji. Soda ilimwagika mara moja, ubao ukavimba kama uso ulioumwa na nyuki, kifuniko hakijafunga tena tangu hapo.

Chuma Chakavu: Ndo maana watu wanaenda faiba, ile ya nyuzi za kioo na resini. Unavuta kitambaa juu ya fremu kisiwe na kunyanzi, unapaka resini, ule uji unaoganda ukawa mgumu, ikikauka msasa mkali kwanza halafu laini. Umbo lolote unapata.

Gari Bovu Roho Safi: Na muwasho je? Umesahau kusema muwasho. Mtu anasaga faiba kavaa singlendi halafu usiku anajikuna kama ana surua.

Kifaa cha Zamani: Faiba msinitajie. Wa kwangu alimimina hadena, ile dawa ya kugandisha resini, kwa kukadiria na macho, ndoo ikaanza kutoa moshi, resini ikaganda na brashi ndani. Mpaka leo imesimama humo kama bendera.

Mama Kabureta: Hadena ni matone, inapimwa kwa uzito wa resini. Ikizidi inachemka yenyewe, inaweza hata kuwasha moto.

Mtoa uzi: Wakuu turudi kwenye mada, mtu mzima anakutazama usoni anakuuliza KWANI WEWE UNA

Msafiri wa Gia Nne: Afadhali nyie. Wangu alivuta umeme wa chaja bila fyuzi, waya kaupitisha chini ya skrubu ya konsoli hiyo hiyo. Nilianza kusikia harufu nikadhani ni abiria.

Chuma Chakavu: 😂😂 ukamshusha?

Msafiri wa Gia Nne: Nilifungua dirisha upande wake kwa heshima. Alikuwa mkwe.

Spana Namba Kumi: Nimekufa

Mtoa uzi: Kwa hiyo hakuna wa kunisaidia na rivasi?

Gari Bovu Roho Safi: @Kifaa cha Zamani hiyo brashi ni ya inchi ngapi?