Nidhogg italipa kwenye kibanda cha PS hapa Kondele?

Kijana wa Kondele: Wadau, hamjambo. Nina kibanda cha PS (PlayStation) hapa Kondele, Kisumu. Foleni yote ni ya kandanda, na wanaofungwa mapema wanaenda zao. Nataka kuongeza Nidhogg, gemu ya wawili kupigana kwa upanga, ile ya studio ya Messhof ya 2014. Nina wasiwasi, usingizi umepotea. Niiweke ama niache?

Pikseli Milimani: Weka. Vitufe ni viwili tu, kuruka na kushambulia. Upanga unaushika juu, kati au chini, na ukiurusha unabaki mikono mitupu. Pigo moja umekufa, lakini unafufuka mbele ya adui yako na kumzuia asipite. Aliyeua mwisho ndiye mwenye ruhusa ya kukimbilia upande wake. Akifika mwisho, joka linammeza, na hiyo ndiyo heshima yake! Hata mgeni ataielewa papo hapo. Kasoro: viwanja ni vinne tu, na ukicheza peke yako inaisha upesi.

Baba Shiru, Nakuru: Mimi ningechukua gemu ya Vampire Survivors ya Luca Galante, iliyoshinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza mwaka 2023. Silaha zinapiga zenyewe, wewe kazi yako ni kutembea. Mke wangu hakuwa anashika pedi ya gemu, siku hizi ndiye ananinyang'anya.

Pikseli Milimani: Hiyo mtu mmoja anaweza kukalia kiti nusu saa, mzee. Foleni itangoja nini?

Mama Pendo: Gemu ya bei ndogo haimnyimi mtu usingizi. Kijana, sema yote.

Kijana wa Kondele: Sawa, mama. Kuna fundi huko Kibuye ameshaanza kunijengea sanduku la mbao lenye skrini, vitufe na pa kutumbukizia sarafu. Nusu nimelipa kwa pesa ambayo dada yangu alituma ya karo ya mwanawe. Lakini shule hazijafunguliwa, zikifunguliwa pesa itakuwa imerudi. Na sanduku ni mali.

Mama Pendo: Karo si mtaji! Kaka yangu alinunua pikipiki kwa karo ya mtoto wetu, akasema hivyo hivyo. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima.

Mpita Njia: Sarafu, siku hizi za M-Pesa? Kondele napita kila jioni, sijaona fundi wala sanduku. Hii imetungwa, kesho mtaletewa gemu ya kununua.

Kijana wa Kondele: Watoto wanaokuja kwangu hawana simu, ndugu. Wanakuja na sarafu ya ishirini mkononi. Na sanduku liko Kibuye, nimeshasema.

Mpita Njia: Basi weka picha.

Pikseli Milimani: Iwe kweli ama la, hesabu ni ile ile. Mechi ya Nidhogg haiishi kwa dakika kama kandanda. Inaisha mmoja akifika mwisho wa uwanja. Wakikutana wawili wa kiwango kimoja, watasukumana huku na huku, na sarafu yao ni ile moja. Lipisha kwa muda. Mwambie fundi aweke saa ya kuzima skrini kabla hajafunga mbao.

Kijana wa Kondele: Hilo nitamwambia leo. Asante sana.

Mama Pendo: Na dada yako umempigia?

Kijana wa Kondele: Nitampigia sanduku likishakamilika, mama. Akiliona linaingiza pesa ataelewa.

Mama Pendo: Mpigie kabla fundi hajaomba nusu ya pili.