Lüderitz au Swakopmund? Tunatoka Arusha

Njiro_77: Wakuu, tukishatua Windhoek, Namibia, tunataka mji mmoja wa pwani wenye historia ya bandari na migodi. Lüderitz au Swakopmund? Gari tunalipia wiki hii.

MangiWaKibosho: Siku ngapi? Mwezi gani? Mko wangapi? Windhoek hadi Swakopmund ni kama km 360, lami tupu. Lüderitz inazidi km 800 kupitia Keetmanshoop.

Sakina_Guide: Migodi yenyewe iko Lüderitz. Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa, ni km 10 tu kutoka Lüderitz. Mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota almasi eneo hilo 1908, mji huo ukaota jangwani, ukahamwa kabisa 1956 kwa sababu almasi kubwa zaidi zilipatikana kusini, karibu na mto Orange. Leo mchanga umejaa vyumbani, milango haifunguki wala haifungiki. Kibali cha kawaida mwisho saa saba mchana. Mnaotaka picha za alfajiri, kateni mapema kibali cha wapiga picha.

Dereva_Kijenge: Kabla ya kulipa, soma bima. Kipande cha barabara ya B4 kati ya Aus na Lüderitz, upepo wa mchana unavusha mchanga juu ya lami. Unakwangua rangi ya boneti, unafifisha kioo cha mbele na taa. Bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi uharibifu wa mchanga, mteja anadaiwa rangi na kioo kipya. Dai kifungu hicho kwa maandishi. Pita asubuhi. Ukikuta tuta la mchanga barabarani, punguza mwendo: tairi za upande mmoja zikikamatwa, gari linageuka. Jaza mafuta Keetmanshoop, ongeza Aus. Na usichepuke nje ya barabara, ni eneo la almasi, marufuku.

MangiWaKibosho: Swakopmund nayo ina migodi. Reli ya shaba kutoka Tsumeb ilikamilika 1906, na urani ya Rössing iko jirani.

Sakina_Guide: Shaba ilikuwa inapita tu, mangi.

Dada_Moshono: Mkichagua Lüderitz, msipige mahema Shark Island. Ilikuwa kambi ya mateso ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, Wanama na Waherero wengi walifia pale. Ni utawala ule ule uliomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, Old Moshi 1900. Nendeni kutoa heshima, mlale mjini.

MangiWaKibosho: Dada, hapo nakuunga mkono kabisa.

Njiro_77: Tuko wanne, Desemba, siku tano.

Dereva_Kijenge: Desemba ndio upepo wenyewe. Hizo siku tano ni pamoja na kurudi Windhoek?