Dekapani juu ya paa la faiba! Dekapani, jamani!

Wakubwa, jina la fundi silitaji, Lubumbashi yote inamjua. Yule wa "kazi ndogo hii, papa, kesho unachukua." Paa la Land Cruiser FJ40, lile jeupe la faiba, limechujuka kwa jua, lina nyufa zilizotawanyika kama nyota kwenye kona mbili. Kazi ya msasa tu. Yeye kamwaga dekapani! Ile ya kutolea rangi kwenye bati!

Dekapani haibagui rangi na rezini, ile gundi ya poliesta inayoshikanisha faiba. Inapenya poliesta, inailainisha, gelkoti, ile ngozi laini ya juu, inafura malengelenge, na ile iliyonyonywa ndani inatoka baadaye chini ya rangi mpya. Rangi ya faiba inatolewa kwa msasa namba 80, kisha 180, basi. Moto wa gesi nao usisogezwe: poliesta inaanza kulegea hata kabla ya nyuzi joto 100.

Halafu ananiambia mbele ya watu: "Paa lako lilikuwa limeoza." Limeoza! Faiba inaoza lini? Kinacholiwa na kutu ni mfereji wa chuma unaozunguka paa, na huo hakuupitishia hata brashi. Dekapani alikuwa nayo, brashi ya waya hana!

Nyufa kazijaza mastiki, ile pasta ya kusawazishia bodi, unene wa kidole. Mastiki haipiti milimita 3, na haina nguvu ya kushika ufa. Gari likitikisika, ufa unapasua rangi. Ufa uliopenya unachimbwa mpaka kwenye faiba nzima, unachongwa mteremko wa sentimita 5 kila upande, unafutwa kwa asetoni, ndipo mati, kile kitambaa cha faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tatu, rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mati, na rola ya kutoa hewa. Dawa ya kugandisha gramu 20 kwa kilo moja ya rezini.

DEKAPANI!

Toliye wa Katuba: Pole papa, lakini sisi wote tunamjua, wewe ulimwachiaje funguo? Na hizo gramu 20 ni za siku ya joto. Mwezi wa sita asubuhi hapa ni baridi, rezini inanata tu. Chini ya nyuzi 15 usianze. Paa lipate jua kwanza, fanya kazi saa sita.

Yaya Kamalondo: Si ndiye anayechanganya kobalti, ile ya kuharakisha rezini, na dawa ya kugandisha kwenye kikopo kimoja? Atachoma mtaa! Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa vizuri, ndipo dawa ifuate. Zikikutana zenyewe zinawaka, hata kulipuka.

Mwenye uzi: Na dekapani je? Mbele ya watu, "limeoza"!

Mwana Ruashi: Papa, tumesikia dekapani. Wauza rezini ndio wabaya. Bidoni zinashinda juani, hazina tarehe, unafungua unakuta ute mzito. Mati imelala kwenye unyevu, ukipaka rezini inabaki nyeupe, hailowani.

Toliye wa Katuba: Rezini afadhali. Praima, ile rangi ya chini! Epoksi ya makopo mawili unauziwa kopo moja, la pili "limeisha". Bila la pili haikauki milele.

Mwana Ruashi: Na bei ni ileile ya mawili!

Yaya Kamalondo: Mmeona msasa wa maji namba 600 wa siku hizi? Ukigusa maji tu, mchanga wote unabaki kwenye ndoo.