Nimefunga tairi kubwa na kubadili difu kwenye Hilux, sasa mita ya spidi inadanganya

kitunguu_mangola
Habari zenu wakuu. Nina Hilux pikapu ya zamani, ile ya kebo ya spidi, kazi yake kubeba vitunguu toka Mang'ola kuja soko la Kilombero hapa Arusha. Tairi zilikuwa 265/70R16, mwaka jana nikafunga 285/75R16 maana mawe ya ile barabara yalikuwa yananimaliza. Zimekaa vizuri ila gari ikawa nzito kupanda kurudi Karatu ikiwa na mzigo, halafu siku napeleka gunia kadhaa Moshi wakanipiga tochi Usa River, mshale naona uko 52 tochi inasema 56, nikalipa elfu 30 naapa mashine yao ni mbovu. Sasa wiki mbili zilizopita fundi mmoja kanibadilishia krauni na pinioni (zile gia mbili za ndani ya difu) ya nyuma, ilikuwa meno 41 kwa 10 kaweka 41 kwa 9, na kweli gari inapanda na gia ya tatu pale nilipokuwa nashusha ya pili. Ila mita imegeukia upande wa pili, mshale unasoma 90 GPS ya simu inasema 87. Na siku zisizo na vitunguu gari naikodisha kwa kilomita, sitaki kumwibia mtu hela yake. Narekebisha wapi?

meru_porini
Mkuu subiri kwanza, umesema ya NYUMA. Na ya mbele? Kama mbele bado ni 41 kwa 10 usiguse kabisa levaa ya 4x4, nakuomba. Ukiingiza foo (hiyo 4x4) propela, ile mihimili inayopeleka mzunguko kwenye difu, ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa, sasa tairi za mbele zitataka kwenda zaidi ya nyuma kwa asilimia 11, kwenye tope zitateleza utapona ila kwenye lami au mawe makavu kitu lazima kikatike, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) au difu yenyewe. Kwa magurudumu mawili ya nyuma endesha tu, habu za mbele (zinazounganisha magurudumu na difu) ziache zimefunguliwa. Spidi itasubiri, hili halisubiri.

fundi_wa_unga_ltd
Huyo hapo juu kasema kweli, fundi aliyekuachia hivyo bila kukuambia kakukosea sana.

Tuje kwenye mita. Kwenye gari yako kebo inachukua mzunguko pale transfa, yaani baada ya gia boksi na kabla ya difu. Kwahiyo ungebadili gia za gia boksi mita isingejua, ila difu na tairi vyote viko mbele ya pale inapopimia, lazima vipotoshe. Hesabu yake hii: 265/70R16 kipenyo ni milimita 777, 285/75R16 ni 834, umeongeza asilimia 7.3. Ndo maana 52 yako ilikuwa 56 kweli, trafiki hakukuonea. Difu nayo imeongeza mzunguko wa propela kwa asilimia 11. Moja inavuta chini nyingine inavuta juu, kinachobaki mita inazidisha kama asilimia 3.6, ukiichukua 90 yako inarudi 87 palepale.

Dawa yake ni ndogo na wala usikubali kuuziwa mita nyingine. Kebo inapoingia transfa kuna kigia cha plastiki, kimeshikwa na bolti moja, kichomoe taratibu maana oili kidogo itatoka na oringi yake (mpira wa kuzuia oili) iwe mpya. Hesabu meno. Ukikuta mfano 29 tafuta cha 30, meno yakiongezeka kebo inazunguka polepole na mshale unashuka, jino moja hapo ni kama asilimia 3.3, utakuwa umemaliza. Ila funga difu ya mbele kwanza.

shangazi_wa_majengo
Naongezea kwa wenye gari mpya mpya, nyingi spidi inasomwa na sensa za ABS (breki za kuzuia tairi kujifunga) kwenye magurudumu, hizo ukibadili difu mita haijali, tairi tu ndo inabadilisha. Na kiwandani mita nyingi zinawekwa zizidishe kidogo, kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mita kusoma chini ya mwendo halisi, kuzidisha inaruhusu mpaka asilimia 10 na 4 km/h juu yake. Kwahiyo mwanangu hiyo ya sasa haikupeleki kwenye tochi, ile ya mwanzo ndo ilikuwa mbaya. Ukitaka kupima bila simu tumia vibao vya kilomita barabarani, shika 60 bila kuyumba na mwenzako aangalie saa, kilomita moja iishe sekunde 60 kamili.

kitunguu_mangola
Asanteni sana, yani kumbe nilikuwa naenda Mang'ola na levaa ya foo iko tayari mkononi. Leo nimelala chini ya gari, mbele ni 41 kwa 10 kweli, bado hajagusa. Kigia nimekichomoa, nimekipaka chaki jino la kwanza nikahesabu mara tatu, ni 29. Difu ya mbele naenda kuitafuta Jumatatu. Na kuna mzee nilimpeleka Babati na kurudi, mita ilisoma 348, kwa hesabu ya fundi ni kama 336, zile kilomita 12 namrudishia hela yake kesho.

fundi_wa_unga_ltd
Safi kaka. Ukinunua ya mbele hesabu meno mwenyewe hapohapo dukani, usiamini maandishi ya boksi.