Kompyuta ya mezani inajizima ghafla: pawa saplai au kitu kingine?
Wakuu, naomba ushauri. Mashine inajizima pap, bila skrini ya bluu, ikiwa kwenye gemu au ikichakata video. Kwa kuperuzi tu haina shida. Windows inaandika kosa la Kernel-Power 41, ambayo haisaidii sana: inasema tu haikuzimwa kwa utaratibu. Joto la prosesa halivuki nyuzi 68, vumbi limepulizwa, pesti ya kupoza prosesa ni mpya, RAM nimejaribu moja moja, soketi ya ukutani nimebadilisha. Ila BIOS (programu ya bodi mama inayowaka kabla ya Windows) inasoma 11.5 kwenye laini ya volti 12, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 11.4. Nashuku mzigo ukipanda volti inaanguka zaidi. Pawa saplai ni wati 450, ya zamani. Kadi ya picha inakula wati 170. Ninunue ya 650, au kwanza nipime waya wa njano (wa volti 12) na mweusi (wa ethi) kwa multimita gemu ikiendelea?