Waliolala Jambiani, Bwejuu, Michamvi, Matemwe, pwani ya mashariki ya Unguja: mlichaguaje pa kufikia? Tupeane uzoefu

Njia_Panda
Wakuu salaam. Jana kazini mwenzangu kanionyesha picha ya nyumba ya wageni aliyolipia Jambiani, bahari ya kijani imegusa ngazi za baraza. Nikanyamaza. Miaka mitatu nyuma na mimi nililipia kwa picha ya namna hiyo, tukafika na mke wangu asubuhi, bahari haipo. Mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, mawimbi tunayasikia huko mwambani kama malori yanapita barabara kuu. Mke wangu akaniuliza, "Ndiyo hapa?" Pamoja na hayo tulipapenda, tunataka kurudi upande huo huo wenye utulivu, na safari hii tunakwenda na mama mzazi. Nungwi hatutaki. Mliolala kule semeni mlichagua kwa kuangalia nini, na yapi yaliwakuta.

KobeMzee
Nungwi mnaionea. Kule maji hayaendi mbali, unaoga saa yoyote. Nendeni Nungwi au Kendwa mmalize kazi.

Bint_Makunduchi
Kaka kaandika wazi Nungwi hataki. Soma kwanza.

KobeMzee
Nimesoma. Kwa mama mtu mzima, kutembea kilomita nzima kufuata maji ndiyo utulivu?

Bint_Makunduchi
Mama mtu mzima na muziki wa usiku kucha je?

Mlandege80
Mimi nililala Bwejuu mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza. Chumba kizuri, kimetazama bahari, lakini upepo ulikuwa unapiga mlango usiku kucha na chandarua kinapepea kama tanga. Paje pale jirani wale wa kuteleza majini wakivutwa na tiara (kitesurfing) walikuwa wanafurahi, sisi tunakula mchanga kwenye wali. Uliza kama baraza ina kizuizi cha upepo. Mwezi wa saba na wa nane usidharau.

Shangazi_Uroa
Kweli kabisa.

Ngazija_Road
Michamvi upande wa Kae. Kule unatazama magharibi, ghuba ya Chwaka, jua linazama mbele yako na kusi halikupati usoni. Ila ni mbali na mjini, na ukisahau kununua dawa ya presha ya mama usitegemee duka la jirani. Sisi tulikodi gari mpaka Paje kwa ajili ya panadol.

BabaWaWatatu
Huu uzi umenigusa mahali. Sijawahi kuandika hili popote.

Tulifikia Jambiani, tarehe za mwezi mpevu, sikujua kama mwezi unahusika. Asubuhi saa nne maji yamekauka, watu wanatembea hadi mwambani, na mimi nikamchukua mwanangu wa miaka saba. Pale tulipofikia hakuna aliyetuambia neno. Tulifika mbali, tunaangalia kiti cha pweza, samaki wadogo kwenye vidimbwi, mtoto anacheka. Saa sita kasorobo nikaona maji yamenifika kwenye kifundo cha mguu, nikasema bado mapema, mbele yetu kule mwambani mbona pamekaa vile vile.

Kumbe maji hayaji kwa mbele. Yanajaa nyuma yako. Kati yetu na ufuko kulikuwa na mkondo, asubuhi tuliuvuka umefika magotini. Tunaurudia, mimi maji kiunoni, yanavuta. Nikamweka mtoto mabegani. Hatua mbili tatu, kifuani. Mtoto akaacha kucheka akanishika nywele kwa mikono miwili, hakulia, alinishika tu. Viatu vilishatoka, miba ya wale wadudu weusi wa baharini imeniingia unyayoni na sikuisikia.

Nikasikia sauti ya mama mmoja kwa kushoto, "Usipite huko! Njoo huku kwenye fungu!" Alikuwa mkulima wa mwani, anarudi, kiroba chake kinaelea nyuma anakivuta kwa kamba aliyojifunga kiunoni. Yeye maji yako mapajani, mimi hatua thelathini kutoka kwake yako kifuani. Nikarudi nyuma nikamfuata. Alitupitisha kwenye vigingi vya mashamba yao, anapinda kulia, anapinda kushoto, anakanyaga mgongo wa mchanga ambao mimi siuoni. Hakuharakisha hata kidogo. Tulipofika juu alimshusha mtoto mwenyewe, akamfuta uso kwa upande wa kanga uliokuwa mkavu, akaniambia, "Baba, bahari inaulizwa." Akaenda kuanika mwani wake.

Mtoto sasa ana miaka kumi na mmoja. Akiwa na homa usingizini bado ananishika nywele.

Shangazi_Uroa
Subhanallah. Pole sana.

Mlandege80
Nimesoma mara mbili. Pole mkuu.

KobeMzee
Pole, lakini mtoto wa miaka saba unampeleka mwambani bila kuuliza mtu? Hapo hoteli si ya kulaumiwa.

Bint_Makunduchi
Mgeni atajuaje cha kuuliza? Wanaopokea pesa ndio wanaojua bahari yao. Karatasi moja ya saa za maji ukutani inawashinda?

BabaWaWatatu
KobeMzee umesema kweli na nimeibeba miaka minne. Dada pia kasema kweli.

Ngazija_Road
Miba ilitokaje? Mimi niliambiwa ndimu.

Shangazi_Uroa
Utomvu wa papai bichi. Unapaka, unaacha, inalegea.

Mlandege80
Siki ya moto. Papai mimi halikunisaidia.

Shangazi_Uroa
Ulipaka lililoiva basi.

Mtoto_wa_Jambiani
Mimi kwetu Jambiani, mama yangu yumo mwanini tangu 1989 kilimo hiki kilipoanza kwetu na Paje, kwa hiyo yule mama wa kwenye kisa ni kama namjua. Nikwambieni tunavyohesabu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanakauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4. Siku hizo kina mama ndiyo wanaingia mashambani. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayakauki sana wala hayajai sana, na saa nne hiyo hiyo yanakuwa yamejaa. Sasa mtu anachagua hoteli wiki tatu, tarehe anaokota tu. Chagua tarehe kwanza. Hapo nyumba yoyote ya Jambiani mpaka Bwejuu itakufaa, ukitaka rahisi lala za upande wa kijijini, daladala 309 inakushusha, samaki unanunua kwa mvuvi.

Na tafadhali, mkipita kijijini vaeni kanga juu ya nguo za kuogelea. Wazee wetu hawatawaambia, lakini wanaumia.

KobeMzee
Hili la mwezi sikulijua. Ahsante.

Ngazija_Road
Na Ramadhani mchana uliza kabisa kama jiko lao linapika.

Njia_Panda
Nimetoka nje nikatazama juu, hakuna mwezi, mawingu. @Mtoto_wa_Jambiani, likizo yangu inaanza Ijumaa ile ambayo kalenda ya msikiti inaonyesha mwezi 22. Mama hajui kuogelea, anataka kukaa kwenye maji tu, yamfike magotini.

Mtoto_wa_Jambiani
Mwezi 22 hayo yanaingia maji mafu. Jumamosi na Jumapili asubuhi, mkimaliza chai, mtolee kiti akae ukingoni. Maji yatamfuata mwenyewe, taratibu. Ila Jumatano inayofuata mrudishe kibarazani mapema, saa zitakuwa zimeshabadilika.