Uvimbe shingoni: niache chakula gani ili usigeuke saratani? Naombeni ushauri

Binti Ukinga
Wakuu, habari za usiku. Nina uvimbe shingoni upande wa kulia, nikimeza mate unapanda na kushuka. Nimekulia Makete, na kule rovu si kitu cha kushangaa. Bibi yangu alizeeka nalo, akazikwa nalo, wala halikuwahi kumlaza kitandani. Sasa hapa Dar kila mtu ananipa lake: kabichi inaleta saratani ya thairoidi (tezi ya shingoni), muhogo unaleta, chai ya moto ndiyo usiseme. Kabichi nimeshaacha. Muhogo wa kukaanga ndio chakula changu cha mchana kazini, nimepunguza kwa shida. Chai bado, siwezi chai iliyopoa. Wenye uelewa niambieni: niache nini kingine, nile nini?

Kijiwe Nongwa
Chai haijawahi kuua mtu. Kinachoua ni bei ya sukari.

Mtumishi
Dada yangu, mwili ni hekalu. Soda, chipsi, kuku wa kisasa, mnategemea nini? Babu zetu walikula ulezi na mlenda, saratani hawakuijua. Acha vyote, funga, omba.

Mla Udaga
Mtumishi, hao babu wa Makete walikula ulezi huohuo na rovu walikuwa nalo. Mimi ni wa Ukerewe, ugali wa udaga nimeula tangu natambaa na shingo yangu imenyooka kama mlingoti. Nilioa binti wa Moshi, akasema hawezi kula ugali mweusi unaonuka, tukagombana mpaka wazee wakaitwa. Kumbe tatizo lake halikuwa ugali. Hiyo nitaifungulia uzi wake.

Mkunga Mstaafu
Binti, nakujibu ulichouliza, halafu na mimi nitakuuliza. Muhogo, hasa ule mchungu usiolowekwa vizuri, una sumu. Mwili ukishaivunja, kinabaki kitu kinachoizuia tezi kuvuta madini joto. Ndiyo maana unaleta rovu pale ambapo madini joto yenyewe ni haba. Kule Ubangi, Kongo, wataalamu walilichunguza sana miaka ya 70. Anayetumia chumvi yenye madini joto hana haja ya kuogopa muhogo ulioandaliwa vizuri. Kabichi ni hivyohivyo, na ikipikwa makali yanapungua. Chai: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, lakini ni saratani ya umio, si ya thairoidi. Acha ipoe kidogo, ila usiibebeshe kesi isiyo yake.

Kwenu milimani mvua imeosha madini joto kwenye udongo. Ndiyo maana miaka ya 80 tulipita shuleni kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, watoto wakivitema nyuma ya darasa. Sasa zamu yangu: umepigwa ultrasaundi? Umechomwa sindano ya kuchukua sampuli?

Binti Ukinga
Asante mama. Vipimo nilifanya. Lakini hoja yangu hapa ni chakula.

Kovu la Shingo
Vinasemaje? Hakuna mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya kabichi.

Binti Ukinga
Hoja ni chakula.

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, sema.

Binti Ukinga
Haya. Nilichomwa sindano, majibu yanasema papilari, aina ya saratani ya thairoidi. Na kuna vitezi pembeni ya shingo navyo vimevimba. Nikapangiwa upasuaji, siku ikafika sikwenda. Msinihukumu. Naimba sauti ya kwanza kwaya, na daktari mwenyewe kaniambia neva ya sauti inapita hapohapo. Halafu vidonge kila siku maisha yote! Shemeji akanikutanisha na mtaalamu wa lishe mwenye unga wa mwani wa Zanzibar, dozi ya miezi mitatu, nimeshatanguliza nusu. Na kabla hamjaanza, nimesoma. Korea Kusini walipima watu shingo mpaka mwaka 2011 wagonjwa wapya wakawa mara 15 ya mwaka 1993, vifo vikabaki vilevile. Japani wanaiangalia tu bila kukata. Haraka inatoka wapi? Nilitaka kujua chakula cha kusindikiza huo unga, basi.

Kijiwe Nongwa
Makete, Ukerewe, Zanzibar, Korea, Japani. Huu uzi unadai nauli.

Jicho Pembe
Wakuu, hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Kwanza hofu, kisha aibu, kisha unga wa mwani. Kinachofuata ni namba ya WhatsApp na picha ya kopo. Alikuja mwingine hapa na figo za mjomba wake, tukalia naye, ikaishia mafuta ya mbegu za maboga.

Mtumishi
Mimi roho ilinishuhudia mapema.

Mla Udaga
Weka majibu hapa, jina ufunike.

Nipo Nipo
Hata kama ni biashara, huo unga unauzwaje? Mama yangu ana shingo.

Binti Ukinga
Siweki. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani mume wangu anaijua. Yeye anajua upasuaji uliahirishwa. Mkiona ni tangazo, ripotini.

Jicho Pembe
Sasa ameingia na mume. Ngojeni mapacha.

Kovu la Shingo
Jicho, iwe kweli iwe chai, hapo juu kuna mtu ameshauliza bei. Naandika kwa ajili yake.

Mimi nilitolewa tezi yote. Sauti ilikwaruza kwa wiki kadhaa ikarudi. Siwezi kukuahidi kuhusu yako dada. Muulize daktari wa upasuaji amefanya wangapi na wangapi walipoteza sauti, ni haki yako. Kidonge cha kuziba pengo la tezi nakimeza alfajiri kwa maji matupu, halafu nusu saa hadi saa nzima naitazama chupa ya chai bila kuigusa, maana chai na maziwa vinaivuruga dawa. Huo ndio mzigo wenyewe.

Korea umeisoma nusu. Wengi wao walikuwa na vivimbe vidogo vilivyokutwa kwa watu wasiolalamikia chochote. Wale wa Kobe, Japani, wanaoangaliwa tu, vyao havizidi sentimita moja na havijafika kwenye vitezi. Wewe umesema vitezi.

Na mwani. Baada ya upasuaji baadhi yetu tunapewa madini joto yenye mionzi. Chembe za saratani zilizobaki zinayavuta na kufa. Kabla yake unanyimwa chumvi ya madini joto, samaki wa baharini, mayai na maziwa kwa wiki moja hadi mbili, ili chembe ziwe na njaa. Wewe unazishibisha.

Mkunga Mstaafu
Niongeze. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mwani unatofautiana sana aina kwa aina, na kwenye kopo la mtaani hakuna aliyekupimia. Yakizidi nayo yanaivuruga tezi. Ukitaka chakula ambacho kweli kilileta saratani hii, nitakutajia maziwa. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986, ng'ombe walikula majani yenye madini joto ya mionzi, watoto wa Ukraine na Belarus wakanywa maziwa, na walioishi penye upungufu wa madini joto wakaumia zaidi. Ila hakuna chakula kinachoirudisha papilari nyuma ikishakuwepo.

Binti Ukinga
Kwa hiyo unga niache kabisa, au nimalizie kopo nililofungua? Hela hairudi. Na kliniki nikirudi watanigombeza.

Mkunga Mstaafu
Acha leo. Watakugombeza, ndiyo, halafu watakupangia siku nyingine. Beba majibu na hilo kopo waone maandishi yake. Na mumeo aende nawe.

Binti Ukinga
Jumatatu nitakwenda. La mume niachieni.

Kijiwe Nongwa
Kopo wakishaliona usilitupe. Mwani ni mbolea nzuri, mwagia mchicha.

Jicho Pembe
Namba ya WhatsApp haijaja bado. Nipo, nasubiri.

Nipo Nipo
Sasa mama yangu nimpeleke wapi? Tupo Tunduma.

Mkunga Mstaafu
Uvimbe ana muda gani? Ni mgumu ukiushika? Sauti imebadilika?

Nipo Nipo
Zamani ulikuwa laini, sasa mgumu. Sauti inakwaruza tangu Pasaka, tulidhani mafua.

Mkunga Mstaafu
Mpeleke Mbeya, hospitali ya rufaa ya kanda, wiki hii. Unga usinunue.